Kabla hujalipia otomesheni, uliza inahesabu nini

Nilinunua nafasi moja kwenye akaunti ya watu sita ya otomesheni, yaani huduma ya mtandaoni inayounganisha programu zako zifanye kazi zenyewe. Kijana mmoja muuza vifaa vya kompyuta hapa mjini Dodoma aliniambia, "Dada, hii ndiyo wanayotumia wakubwa. Mnachangia tu, haina shida." Nikatoa hela ya miezi mitatu kwa mkupuo. Mimi nauza unga wa ubuyu, zabibu kavu na mafuta ya alizeti. Mteja anajaza fomu ya Google, bodaboda wangu anapata ujumbe Telegram, mteja anapata SMS ya kuthibitisha, na kwenye jedwali inaandikwa "imetumwa". Nilitaka hayo yote yajiendeshe yenyewe nikiwa jikoni nachekecha ubuyu.

Tarehe 9 kifurushi kikaisha, kimyakimya. Fomu iliendelea kupokea oda kama kawaida, ila bodaboda hakupata kitu na mimi sikujua. Siku ya tatu mama mmoja mteja wangu wa Area C akanipigia: "Mwanangu, hayo mafuta bado mnapanda alizeti?"

Nikawawakia wenzangu kwenye grupu la hiyo akaunti. Niliandika maneno ambayo leo nikiyasoma naona aibu. Mmoja wao, mtu mpole sana, hakubishana, alituma tu picha ya ukurasa wa matumizi. Mlaji nilikuwa mimi. Mistari imepangana kama foleni ya daladala: mteja wa kwanza, kusoma jina, kuandaa ujumbe, kutuma, mteja wa pili, kusoma jina, kuandaa ujumbe, kutuma. Zilikuwa salamu zangu za Jumatatu asubuhi. Wateja 143, hatua 3 kila mmoja, jumla 429 kabla sijanywa chai. Nikaomba radhi na kutoka kwenye grupu.

(Akaunti za kuchangia msinunue, jamani. Mbali na bando kuliwa, wenzako wanaona namba za simu za wateja wako zote. Na mimi nilikuwa naona za kwao.)

Ndiyo maana mwongozo huu hautagusa uzuri wa skrini wala idadi ya programu zinazounganishwa. Kwa kazi zetu ndogondogo, zote zinaunganisha Gmail na jedwali. Swali langu ni moja, na wauzaji hawapendi kuulizwa: mnahesabu nini? Wengine wanahesabu kila hatua, wengine mzunguko mzima, kuanzia oda kuingia hadi kazi kuisha, mara moja. Wapo wanaohesabu hata kuchungulia tu kama kuna kipya. Namba kubwa kwenye tangazo haina maana mpaka ujue ni namba ya nini. Ni sawa na kuuziwa "ndoo" ya nyanya bila kuonyeshwa ndoo yenyewe.

Namba moja: n8n. Sijifichi, hii ndiyo ninayoipenda. Ni ya kampuni ya Berlin, Ujerumani, na inahesabu mzunguko mzima kama kitu kimoja, uwe na hatua 3 au 30. Zile salamu za watu 143 ni mzunguko mmoja. Chukua oda 10 kwa siku: kwa mwezi ni mizunguko 300, ongeza Jumatatu nne, unapata 304. Kifurushi chao cha chini cha kulipia kina mizunguko 2,500. Hata nikipata oda za sikukuu, sifiki.

Bei ni euro 20 kwa mwezi ukilipia mwaka, na kwa biashara ya ubuyu hiyo si hela ndogo. Ila kuna toleo unaloweka kwenye seva yako mwenyewe, yaani kompyuta inayowaka muda wote, ambalo ni bure kwa matumizi ya ndani ya biashara yako na halina kikomo cha mizunguko. Ndilo ninalotumia. Nilianza kuliweka kwenye laptop nyumbani Nkuhungu. Kosa. Umeme ukikatika, oda zinalala na mwenye nyumba. Sasa nimekodi seva ndogo mtandaoni. Ubaya wake ni kwamba fundi ni wewe: kusasisha wewe, kuhifadhi nakala wewe, na likiharibika usiku unaamka wewe. Kama hilo linakutisha, lipia ile ya kwao.

Namba mbili: Zapier. Ya Wamarekani, na ndiyo nyepesi kuliko zote kujifunza. Mdogo wangu wa UDOM aliielewa kwa jioni moja. Inahesabu kila kitendo kilichofanikiwa. Tukio la kuanzia halihesabiwi, na kuchungulia kama kuna kipya hakuhesabiwi. Hapo nawapa heshima yao. Lakini piga hesabu na mimi: oda moja yangu ina vitendo vitatu, oda 10 ni 30 kwa siku. Kifurushi cha bure cha vitendo 100 kinaisha siku ya nne. Tena cha bure kinaruhusu tukio moja na kitendo kimoja tu, kwa hiyo mnyororo wangu hata hauingii. Kifurushi cha kwanza cha kulipia, 750, kinanifikisha tarehe 25, na hapo sijamsalimia mtu.

Namba tatu: Make. Zamani ikiitwa Integromat, ikabadili jina 2022. Inavutia kwa sababu ya bure yake ina hatua 1,000 kwa mwezi, mara kumi ya Zapier, na watu wanaikimbilia kwa hiyo namba. Sasa sikiliza. Make ikienda kuchungulia jedwali lako na kukuta hakuna kipya, imekuhesabia moja. Ukiiweka ichungulie kila dakika 15, hizo ni mara 96 kwa siku, mara 2,880 kwa siku 30. Bando la 1,000 linaisha katikati ya siku ya 11 hata usipouza kijiko cha ubuyu. Dawa ipo: panga fomu ibishe hodi yenyewe oda ikiingia, Make isihangaike kwenda kuchungulia. Ukifanya hivyo inakuwa chombo kizuri sana. Ila anayeanza nani anamwambia?

Power Automate ya Microsoft naiweka chini kwa wenye akaunti binafsi, maana naulizwa sana: "Si nimeshalipia Microsoft 365 ya nyumbani?" Hiyo ya nyumbani haikupi haki za Power Automate zinazokuja na vifurushi vya kazini. Ile inayokaa kwenye kompyuta yako inakuja na Windows 11 bure, lakini ukiingia kwa akaunti binafsi huwezi kuipangia ratiba wala kuianzisha kutoka mtandaoni. Lazima ukae hapo uibonyeze. Ya Premium, dola 15 kwa mwezi, inataka akaunti ya kazi au shule.

Za bei rahisi: IFTTT ya bure inakupa viunganishi viwili tu, inatosha kuwasha taa. Google Apps Script ni bure kama unajua kuandika programu; barua pepe mwisho watu 100 kwa siku. Basi.

Na WhatsApp? Najua ndiyo mliyokuja kuulizia. Hakuna kifurushi hapo juu kitakachokufutia gharama za Meta, wenye WhatsApp. Kutuma kwa njia halali unahitaji jukwaa lao la biashara, na ujumbe wa matangazo unalipiwa. Anayekuambia ana njia ya mkato anachezea namba yako, ikifungiwa umepoteza wateja.

Halafu bei. "Kwa mwezi" imeandikwa kwa herufi kubwa, na chini kwa herufi za sisimizi: ukilipia mwaka mzima. Yaani unakatwa miezi 12 siku hiyohiyo, kwa fedha za kigeni, shilingi ikiwa vyovyote ilivyoamka. Juu yake kuna kodi: tangu Sheria ya Fedha ya 2022, huduma za kidijitali za kampuni za nje nazo zinatozwa. Soma jumla ya mwisho kabisa kabla hujaweka namba ya kadi.

Juzi yule kijana kanitumia ujumbe: "Dada, imebaki nafasi moja, kazi 2,000 kwa mwezi." Nikamuuliza, 2,000 za nini, hatua au mizunguko? Tiki zimegeuka bluu tangu Jumanne.