Adapta ya pampu: mita inasema nzima, samaki wanasema mbovu

Hasira hazijaniisha, kwa hiyo mnivumilie. Nina matangi ya vifaranga vya sato huku Nyegezi, na pampu ndogo ya hewa yenye mota ya volti 12. Adapta ya zamani ilipoungua nikashuka mjini, nikauziwa nyingine ndani ya boksi na nailoni yake, imeandikwa ampea 5. Pampu inanguruma kidogo, inakata, inawaka tena. Kulipokucha, vifaranga wamejazana juu ya maji midomo wazi, wanatafuta pumzi.

Nikairudisha. Muuzaji akachomeka adapta peke yake, akagusisha mita: 12. "Si unaona? Adapta nzima. Mota yako ndiyo imekufa." Nikamwomba apime ikiwa inaendesha mota, nilikuwa nayo kwenye mfuko. Hata hakuigusa. "Dada, wewe na umeme wapi na wapi?" Wateja wakacheka. Na mota hiyohiyo nilishaijaribu kwa betri ya bodaboda ya jirani, ikapuliza vizuri tu! Volti zisizo na mzigo, yaani adapta ikipimwa bila kuendesha kitu, zinakudanganya. Mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inavyokula ikishachanganya, na hapo ndipo adapta dhaifu inapozimia.

Aliyenisikiliza ni kijana wake wa lehemu, pale mezani nje. Akaunganisha mota, akapima: volti zikaporomoka hadi 6, zikapanda, zikaporomoka. Akafungua kasha. Kapasita (kile kikopo kidogo kinachohifadhi na kutuliza umeme) ya upande wa kutolea umeme imevimba kichwa. Kwenye adapta "mpya"! Akabadilisha, akaweka ya volti 25, akanichaji elfu tatu. Akanionya pia nisiiamini hiyo ampea 5 ya kwenye stika, kwa transfoma ndogo aliyoiona humo ndani. Tangu hapo pampu haijakata.

Basi adapta ni nzuri? Ikishatengenezwa, ndiyo, hata joto haipati sana. Nilitaka kuipa nyota nne. Lakini kitu kipya nikitengeneze kwa pesa yangu kwa nini? Na yule bwana alikuwa hatua chache tu, anaiona ile kapasita mkononi mwangu, anaendelea kutafuna muhogo wake. Pole hakuna, hata "lete nione" hakuna.

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana. Dukani kwa yule bwana sirudi. Ila kijana anakaa palepale mlangoni, kwa hiyo nitarudi.