Pampu ya petroli kwa gari la kabureta: ipi ununue, ipi uiache dukani

Gari la zamani likianza kukohoa mlimani, fundi wa kwanza atakwambia pampu imekufa. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki limeziba, au mpira wa upande wa kunyonya umepasuka na unavuta hewa bila kudondosha hata tone. Kwa hiyo pima kwanza. Chomoa waya wa koili ili plagi zisichome, toa bomba linaloingia kwenye kabureta, lielekeze kwenye chupa inayoonyesha ndani, kisha piga stata sekunde 15. Petroli inatakiwa itoke kwa mipigo yenye nguvu. Ikitoka na mapovu, hewa inaingia nyuma ya pampu. Isipotoka kabisa, fungua kifuniko cha tanki ujaribu tena kabla ya kutoa pesa.

Vuta na dipstiki. Oili ikiwa imepanda na inanuka petroli, diaframu, yaani raba inayosukuma petroli ndani ya pampu, imechanika na petroli inashuka ndani ya injini. Usiiwashe tena mpaka umwage oili hiyo, maana oili iliyoyeyuka namna hiyo inakula beringi.

Kinachoamua pampu ya kununua ni presha. Kabureta nyingi zinataka psi 3 hadi 5. Pampu za magari ya sindano (injection, yasiyo na kabureta), zile zilizojaa kwenye maduka ya spea pale Mwanjelwa, Mbeya, zinasukuma psi 40 na zaidi. Ukiifunga moja kwenye Peugeot 504 ya kabureta, sindano ya floti, inayofunga petroli kabureta ikijaa, haiwezi kuizuia: petroli inafurika, plagi zinakuwa nyeusi, na matone yanaweza kuangukia kwenye manifoldi ya moto. Wingi wa mafuta usikusumbue. Gari linalokula lita 15 kwa kilomita 100, likienda kilomita 80 kwa saa, linahitaji lita 12 tu kwa saa.

Namba moja: fufua pampu ya asili

Kama bodi haijapasuka na mkono wake, ule unaosukumwa na kemu ya injini, haujalika, nunua kifurushi cha diaframu, valvu na pakingi. Pampu ya AC kwenye Land Rover ya petroli ya lita 2.25, ile yenye kikombe cha kioo na kiwiko cha kupampu kwa mkono, ilitengenezwa ili ifunguliwe. Chora alama kwenye nusu mbili kabla ya kuzitenganisha, la sivyo mabomba yataangalia upande usio wake. Wakati wa kufunga, ingiza skrubu kwa vidole, bonyeza mkono wa pampu hadi mwisho, kisha kaza kwa kukatiza pembe. Ukikaza bila kuubonyeza mkono, diaframu itavutika kupita kiasi na kuchanika mapema.

Raba ndiyo roho ya kifurushi hiki. Ikunje kwa vidole: ikionyesha nyufa au ikiwa ngumu kama kadibodi, imezeeka rafuni, hata kama pakiti bado inang'aa.

Namba mbili: pampu mpya ya kimakanika

Nenda dukani na ya zamani mkononi. Linganisha urefu na mkunjo wa mkono, umbali kati ya bolti mbili, na uelekeo wa mabomba. Ukiagiza kutoka Kariakoo na kuletewa kwa basi, tuma picha ikiwa na rula kando.

Wenye Volkswagen Beetle wana mtego wao: kijiti cha kusukuma pampu ni milimita 108 kwa injini zenye dainamo, na milimita 100 kwa zenye altaneta. Kijiti kirefu kwenye pampu isiyo yake kinavunja mkono. Kifupi kinaifanya isivute vya kutosha.

Ukifunga, zungusha injini mpaka kemu iache kuusukuma mkono, ndipo bolti ziingie bila kulazimishwa. Usibandike pakingi mbili kwa sababu ya kuogopa kuvuja, kwani kila unene unaoongeza unapunguza safari ya mkono.

Namba tatu: ya umeme ya presha ndogo

Kwa anayepanda Kitonga mara kwa mara, hii inastahili kupanda daraja. Unatoka joto la Ruaha Mbuyuni, unakokotana nyuma ya malori, injini inachemka, na kadiri unavyopanda petroli inageuka mvuke kwa joto dogo zaidi. Pampu iliyo kwenye injini inanyonya, na kunyonya kunashusha presha ndani ya bomba, hivyo mvuke unajitengeneza upesi na gari linazima. Pampu iliyofungwa karibu na tanki, chini kadiri iwezekanavyo, inasukuma badala ya kunyonya.

Chagua iliyoandikwa volti 12 na psi 3 hadi 5. Weka filta kabla yake, raba chini ya miguu yake, fyuzi na rilei. Ongeza swichi inayoendeshwa na presha ya oili, injini ikizima baada ya ajali pampu nayo izime. Baadhi ya magari ya Kiingereza ya kabla ya miaka ya 1970 yana ethi chanya, yaani upande chanya wa betri ndio umefungwa kwenye bodi. Nyingi ya pampu hizi zinataka ethi hasi, ukikosea unaiunguza.

Na pampu ya zamani itoe. Ukiiacha kwenye njia ya petroli na diaframu yake imechanika, ya umeme itaijaza injini petroli. Ziba tundu kwa kibati na pakingi.

Pampu za kukatwa kwenye magari mabovu tunaziweka mwisho: unanunua diaframu ya umri uleule wa ile iliyokufa. Zichukue kwa bei ya chuma, kwa ajili ya bodi tu.

Baada ya kufunga yoyote kati ya hizi, liache gari lingurume dakika 10 ukipitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, nusa tena dipstiki.