Spitfire ya mahogani, skeli 1/24: fundi amelipatia bawa

Wadau wa ndege za vita, hii modeli ya mbao ya Spitfire Mk I (toleo la kwanza la ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, hapa imepakwa kama ya 1940) ninayo mezani kwa muda sasa nikaona niiongelee, maana mtandaoni modeli za hivi zimejaa na nyingi ni ovyo tu, mtu anachonga kitu chenye mabawa mawili anakiita Spitfire. Hii ni mahogani imechongwa kwa mkono, bawa hadi bawa inakuja kama sentimita 47 kwa sababu ndege yenyewe ilikuwa mita 11.23, kwa hiyo pima kwanza kabati lako.

Mimi naanzia kwenye bawa. Mbunifu wake R.J. Mitchell na timu yake pale kampuni ya Supermarine walilipa umbo la duaradufu, jembamba sana, na bado humo ndani zikaingia rashasha nane, nne kila upande. Mafundi wengi wanaliacha nene wakiogopa mbao kupasuka, na hapo ndo Spitfire inapotea kabisa. Huyu kapiga msasa mpaka ukingo wa nyuma unaogopa kuushika, halafu ukiitazama kwa mbele unaona bawa limejisokota kidogo, kwenye bodi limeinuka na kwenye ncha limelala, na ndivyo ilivyokuwa kweli, ule msokoto ulifanya ndege imtetemekee rubani mapema kabla haijaishiwa nguvu ya kuelea. Aisee kwa hilo mpeni maua yake.

Igeuze sasa. Bawa la kulia lina radieta, la kushoto lina kipoza oili kidogo, hazifanani, na ni sahihi kabisa kwa Mk I. Rangi ya tumboni ni kijani mpauko kama yai la bata, na ubavuni kuna herufi QV za kikosi cha 19 cha jeshi la anga la Uingereza, kambi ya Duxford, ndo waliopokea Spitfire wa kwanza kabisa mwaka 1938. Hata vile vitambaa vyekundu vya kuziba midomo ya rashasha vimechorwa, vilikuwa vinazuia baridi na uchafu mpaka risasi ya kwanza ivitoboe.

Kisichonifurahisha ni vanishi, inang'aa mno wakati ndege za 1940 zilikuwa na rangi iliyofifia isiyorudisha mwanga, na kioo cha rubani ni mbao tu iliyopakwa rangi, kwa bei ile nilitegemea kioo cha kuona ndani. Pia picha ya tangazo ilikuwa na pangaboi la mapanga manne, hiyo ni Mk IX, toleo la baadaye, nashukuru mzigo ulikuja na matatu.

Ukitaka kununua muombe muuzaji picha ya tumboni na ya pangaboi kabla hujatuma hela, akikutumia yenye radieta mbili zinazofanana na mapanga manne jua hiyo sio ya 1940, hata aandike nini kwenye tangazo.