Baa niliyobaki nayo mkobani baada ya miezi mitatu ya kutafuna

Nianze na neno lenyewe, maana hunichekesha kila nikiliandika. Baa tulishakuwa nayo: ni mahali pa kunywea, na ni balaa pia. Sasa tumeipa maana ya tatu, kile kipande cha nafaka na karanga kilichogandishwa kwa utamu na kufungwa kwenye karatasi inayong'aa, ukitafune ukiwa njiani. Nimezijaribu kwa miezi mitatu, na kuna siku maana ya pili ndiyo iliyonifaa zaidi.

Kazi yangu haina saa ya chakula. Njaa hunikuta ndani ya basi au kwenye foleni, na kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa biskuti. Nilichotaka ni kitu cha kunishikilia saa mbili au tatu bila kunichafua mikono, na kisicho peremende iliyovaa koti la afya.

Ya kwanza nilinunua kwa sababu ya picha. Karatasi ilikuwa na masuke, na asali inatiririka. Ilikuwa tamu, sikatai, lakini baada ya saa moja na nusu nilikuwa na njaa kuliko kabla sijaila. Hapo ndipo nikaigeuza karatasi kusoma mgongo wake, jambo nililopaswa kulifanya dukani. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Oti zilikuwa za kwanza, nikafurahi. Kisha nikaona sharubati ya glukosi, sukari ya kahawia, asali, na sharubati ya mchele, kila moja kwenye mstari wake. Ujanja uko hapo: sukari ikigawanywa majina manne, hakuna hata moja linalokuwa zito vya kutosha kupanda juu ya oti. Jumla ilikuwa gramu 17. Kijiko cha chai kina kama gramu 4, kwa hiyo nilikuwa nimekula vijiko vinne na zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na asali na sharubati, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25. Kipande kimoja, nacho si mlo, kilikuwa kimekula theluthi mbili za hizo.

Nikaapa kutogusa sukari. Kosa kubwa.

Nilichukua ile iliyoandikwa "haina sukari" kwa herufi za kujaa uso wote wa karatasi, nikala mbili kwenye safari ya saa tano. Mbili, kwa sababu ilikuwa tamu ajabu na sikuona sababu ya kujinyima. Kabla ya nusu ya safari tumbo lilianza kuongea. Mwanzoni lilikuwa likinong'ona, baadaye abiria wa kiti cha mbele akageuka. Sitaeleza zaidi, ila nilimwomba dereva asimame mara mbili, na mara ya pili hakuwa na tabasamu. Utamu ule ulitokana na maltitoli, kitamu kinachotumiwa badala ya sukari, ambayo utumbo mwembamba hauifyonzi vizuri. Inayobaki huvuta maji ndani ya utumbo, kisha bakteria wa utumbo mpana huichachua na kutoa gesi. Juu yake waliongeza inulini, aina ya nyuzinyuzi itokayo kwenye mzizi wa mmea wa chikori, ili nyuzinyuzi zionekane nyingi kwenye lebo, nayo huchachuka vivyo hivyo. Onyo kwamba ukizidisha unaweza kuharisha lilikuwepo, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya onyo hilo ni lazima kama vitamu vya aina hiyo vinazidi asilimia 10 ya chakula. Anayekula nusu kipande nyumbani huenda asihisi kitu. Njiani, usithubutu.

Za protini sitazipigia hadithi ndefu. Gramu 20 za protini kwenye kalori 210 ni hesabu nzuri, na kweli zinashibisha. Lakini asubuhi ya baridi niliyoijaribu ilikuwa ngumu kama kifutio cha zamani, taya likauma, na bila chupa ya maji haishuki. Ukiwa na mazoezi makali au umekosa mlo mzima, sawa.

Za tende ni za kweli zaidi: tende, karanga, chumvi kidogo, basi. Hata hivyo "bila sukari iliyoongezwa" haina maana kwamba hamna sukari, kwani tende yenyewe imejaa utamu. Tena hung'ang'ania meno, na nilikuwa naenda kwenye mkutano.

Niliyobaki nayo ni ya karanga na lozi nzima, unaziona kwa macho. Ina gramu 40, kalori 200, sukari gramu 5, protini 6, nyuzinyuzi 5. Mafuta ni gramu 14, na namba hiyo ilinitisha mpaka nilipokumbuka kisa cha KIND, kampuni ya Marekani inayotengeneza baa za karanga. Mwaka 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiandikia kampuni hiyo kwamba baadhi ya baa zake hazistahili kuitwa za afya, kwa kuwa mafuta yanayoganda yalivuka gramu 1 iliyoruhusiwa kwa mgawo, yaani kiasi kinachohesabiwa kuliwa kwa mara moja. Kampuni ikajibu kwamba kwa kipimo hicho lozi yenyewe haina afya, huku nafaka zenye sukari tele zinapita. Mwaka uliofuata mamlaka ikairuhusu kulitumia tena neno lile, na Desemba 2024 ikatoa maana mpya ya neno hilo inayozihesabia karanga upande wa vyakula bora na kuiwekea mpaka sukari ya kuongezwa. Tangu hapo namba ya mafuta siiangalii peke yake, nauliza yametoka wapi.

Kitu kimoja cha kuchunga: soma kama namba ni za kipande kizima, za gramu 100, au za "mgawo". Niliwahi kukuta mgawo ambao ni nusu ya kipande. Sijamwona bado mtu anayekula nusu akafunga nyingine.

Hii ya karanga hunifikisha saa mbili na nusu bila shida. Kasoro zake ni mbili. Siifungui nikiwa nimebanana na watu nisiowajua, kwa kuwa kuna anayedhurika vibaya na karanga. Ya pili ni michirizi ya chokoleti waliyoimwagia juu, ambayo haikuombwa na mtu. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imeyeyuka kwenye kitambaa cha ndani cha mkoba wangu, na haijatoka hadi leo.