Ukiendesha ejenti wa AI (programu za akili bandia zinazofanya kazi zenyewe), uweke limiti ya matumizi ya mwezi au bajeti ya kila kazi?

Wengi wanaweka limiti ya mwezi kwenye akaunti wanalala, na kweli inakuokoa usifilisike, ila haikwambii nani kala hela, maana ejenti mmoja akianza kujirudia usiku kila raundi anatuma upya historia yote ya mazungumzo, tokeni (vipande vya maneno unavyolipia) zinapanda tu, asubuhi limiti imeisha na kazi za wateja wote zimesimama. Inauma sana. Bajeti ya kila kazi inasumbua kuiandika, kila ombi linalokwenda kwa AI lazima libebe namba ya kazi na jina la ejenti, lakini tokeni 200,000 ulizoipa zikiisha inasimama hiyo moja tu. Anthropic, kampuni inayotengeneza AI ya Claude, walisema 2025 mifumo ya ejenti wengi inakula tokeni kama mara 15 ya kuchati kawaida. Mi nachukua ya pili, ile ya mwezi ibaki breki ya mwisho.