TAHADHARI: Mikoba ya "Louis Vuitton" ya kulipia kidogo kidogo, watu wa Kigoma tunapigwa

Ndugu zangu wa Kigoma, Ujiji, Kasulu na wote wa huku mwisho wa reli, naomba msome hii mpaka mwisho na mumtumie yeyote mnayemjua anayelipia mkoba sasa hivi. Kuna mtu anauza mikoba mtandaoni kwa mtindo wa kulipia kidogo kidogo, na amekula hela yangu shilingi 457,000. Si yangu peke yangu. Mpaka jana usiku tumeshajuana watu saba: walimu wanne, wauguzi wawili na dada mmoja mwenye duka la vipodozi Ujiji. Kila mmoja alidhani kapigwa peke yake, akanyamaza kwa aibu. Anavuna kwenye huo ukimya wetu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mshahara wangu ni 850,000, lakini hiyo ni ya kwenye karatasi. Ikishatoka kodi, pensheni asilimia 5, bima ya afya asilimia 3 na bodi ya mikopo asilimia 15, inayoingia benki ni kama 570,000. Hapo kuna pango, kuna mtoto, kuna mama yangu Kasulu. Nataja haya ili muelewe ni hela ya namna gani iliyoliwa. Na niseme wazi, kutamani mkoba mzuri si kosa. Nimefundisha miaka tisa, nikaona nami nijipongeze na kitu kimoja cha maana, cha kudumu. Kuna watu wameshaniambia "ulitaka makubwa". Hapana. Nilitaka mkoba, nikaulipia, nikaibiwa.

Nilimfahamu kupitia stetasi ya mwalimu mwenzangu, naye alimpata kwa mtu mwingine, maana anatembea hivyo, rafiki kwa rafiki. Ana kundi la WhatsApp lenye picha za mikoba, mikanda, miwani na viatu vya majina makubwa. Anasema duka lake liko Kariakoo na mzigo anautoa kwenye mnada wa forodha, bandarini, ndiyo maana bei iko chini. Nikachagua Neverfull, ule mkoba mkubwa wa Louis Vuitton wenye mikanda miwili mirefu. Bei 380,000. Kianzio 80,000, halafu 50,000 kila Ijumaa kwa wiki sita. Nikapiga hesabu ya mshahara wangu na pesa ya masomo ya ziada, nikaona naweza.

Sauti yake ni tamu na ina subira. Ujumbe wake wa kwanza bado ninao: "Mpenzi, hii ni OG tupu, ngozi mwili mzima, inakuja na kadi yake ya uhalisi." OG maana yake orijino. Sentensi hiyo moja ina uongo kila mahali, na nitaueleza chini. Wakati ule ilinituliza.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo mtego ulipo. Wiki ya tatu mtoto aliugua malaria, nikatumia hela ya Ijumaa hospitali. Nikamwandikia kumwomba anisogeze mpaka mwisho wa mwezi. Akajibu: "Dada, ukivusha wiki mzigo unarudi stoo na ulicholipa hakirudi." Nilikuwa nimeshatoa 180,000. Nikakopa 50,000 kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, siku hiyohiyo nikamtumia. Kuanzia hapo sikuwa nalipia mkoba tena, nilikuwa naikimbilia hela yangu mwenyewe isipotee. Wenzangu wote sita wamenieleza jambo lilelile kwa maneno yao. Muuguzi mmoja aliuza simu yake ndogo ili amalizie. Mtu akikutaka laki nne kwa mkupuo utajiuliza maswali, utamwita kaka yako, utalala nalo. Akikutaka hamsini hamsini hujiulizi, na ukija kushtuka umeshazama kiunoni.

Nilipomaliza ile 380,000 akaniambia mzigo umekwama, unadaiwa ushuru wa kuutoa, 65,000. Nikalipa. Halafu 12,000 ya basi. Nikalipa. Namba ya kwanza niliyomtumia hela ilikuwa na jina la mwanaume, akasema ni ya mume wake. Ya ushuru ilikuwa namba nyingine, jina lingine kabisa, akasema ni ya "wakala wa bandarini".

Mzigo ulifika baada ya wiki tatu za kubembeleza. Niliuchukua stendi ya Masanga jioni, nikapanda bodaboda hadi nyumbani, sikuufungua njiani. Nilipokata gundi ya boksi kilichotoka kwanza ni harufu, ile ya gundi ya fundi viatu, kali mpaka mtoto akaziba pua. Mkoba ulikuwa umeviringishwa kama shuka. Mikanda yake ilikuwa na ngozi ya plastiki juu, nilipoikunja karibu na pete ikapasuka mstari mweupe. Pete zenyewe nilizikwangua kwa ukucha, rangi ya dhahabu ikaja na ukucha. Ndani kulikuwa na kadi nzuri ya kung'aa, imeandikwa kwamba bidhaa ni halisi. Nimwambie nini mtu yule? Nilimpigia, akapokea, aliposikia sauti yangu akakata. Asubuhi nikakuta nimeblokiwa na nimeondolewa kwenye kundi.

Jumamosi nilibeba mkoba hadi soko la Mwanga kwa mama mmoja anayeniuzia vitenge tangu nihamie mji huu. Hajawahi kuuza mkoba wa namna hiyo hata siku moja. Aliupokea, hakuangalia herufi za mbele hata kidogo, akaugeuza ndani nje kama anavyogeuza kitenge. Akapitisha kidole kwenye mshono wa chini, akasema, "Mwalimu, huu umebandikwa, haujashonwa. Ungeniletea kwanza."

Ningempelekea nini, wakati nililipia picha? Na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sisi watu wa Kigoma kukagua tunajua. Vitenge vinaingia kwetu kutoka Kongo na Burundi, na mwanamke wa hapa hamuuzii kitenge kwa picha. Anakigeuza. Wax ya kweli, yaani kitenge cha kuchapwa kwa nta, rangi inakolea pande zote mbili; ya kupakwa upande mmoja ukiigeuza nyuma imefifia. Anasoma ukingo wa kitambaa, maana Vlisco, wale Waholanzi wa Helmond walioanza mwaka 1846, wanaandika jina lao pale ukingoni. Anakishika, anakikunja, ananusa. Macho hayohayo tungeyapeleka kwenye mikoba, huyu mtu asingepata hata senti Kigoma.

Basi nimekaa nikasoma, na ninachowaandikia hapa nimekihakiki. Louis Vuitton ilianzishwa Paris mwaka 1854. Zile herufi na maua yake zilibuniwa mwaka 1896 na Georges, mtoto wa mwanzilishi, na sababu mojawapo ilikuwa kuwakomesha watu waliokuwa wanaiga masanduku yao. Kwa hiyo kuigwa kwao si jambo la leo. Kampuni hiyo inauza kwenye maduka yake yenyewe na kwenye tovuti yake tu. Haipunguzi bei, haina mauzo ya mwisho wa msimu, haina wakala wa jumla. Tanzania haina duka lake hata moja. Neverfull mpya dukani inazidi dola 1,500, yaani milioni tatu na ushee za kwetu. Mtu anayekuambia anayo mpya kwa 380,000 amekuambia tayari kwamba si yenyewe.

Na ile sentensi yake. "Ngozi mwili mzima": mwili wa Neverfull ya herufi za kahawia si ngozi, ni turubai ya pamba iliyopakwa plastiki. Ngozi iko kwenye mikanda na kingo, na ni ngozi asilia isiyopakwa rangi, ikiwa mpya ina weupe wa maziwa ya chai na inakolea taratibu kadiri mikono inavyoishika. Ya kwangu ilikuja kahawia tayari. "Kadi ya uhalisi": Louis Vuitton hawatoi kadi ya namna hiyo. Kadi niliyojifariji nayo ndiyo iliyokuwa ushahidi wa ufeki. Angalieni pia muhuri wa jina kwa ndani. Herufi O yao ni duara kamili, kama sarafu. Kwenye mkoba wangu O imerefuka kama yai.

Kuhusu mnada wa forodha, TRA, mamlaka ya mapato, kweli hunadi mizigo ambayo haikutolewa kwa wakati, lakini minada hiyo hutangazwa hadharani na malipo ya serikali yanalipwa kwa kontroo namba. Ushuru hauendi kwenye laini ya mtu. Hauendi, hata kama anakutumia picha ya kitambulisho. Mimi ningelijua hilo moja tu, ile 65,000 ningekuwa nayo. Na bidhaa feki ni kosa kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia hilo, na zikikamatwa huteketezwa, hazirudishwi sokoni kuuzwa kwa bei ya huruma.

Mwenzetu mmoja ana mpwa wake Dar. Alimtuma Kariakoo kwenye mtaa aliotajiwa. Jengo lipo. Mlinzi na wenye maduka ya ghorofa ile hawalijui duka hilo wala huyo dada. Hivi ndivyo anavyotutumia umbali wetu. Anajua kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na hakuna atakayefunga safari ya siku mbili kwa ajili ya mkoba. Kama una ndugu Dar, mtume kabla ya kulipa, si baada. Muuzaji wa kweli hatakasirika.

Sasa kwa nini siweki majina na namba hapa. Nilipofika kituoni kufungua jalada, askari aliniambia laini hizi mara nyingi zimesajiliwa kwa kidole cha mtu asiyejua chochote, pengine bibi aliyesajiliwa laini mtaani akaambiwa "weka tena kidole, haijasoma". Nikiliweka jina hapa naweza kumchafua mtu wa watu. Na wewe unayesoma, piga *106# sasa hivi uone ni laini ngapi ziko kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika ikafutwe.

Ukishtuka umepigwa, usipoteze usiku mzima unamtukana, kama nilivyofanya mimi. Piga huduma kwa wateja 100 dakika ileile ueleze muamala, kwa sababu hela ikiwa bado haijatolewa kuna nafasi ya kuizuia, ikishatolewa imekwenda. Namba ya huyo tapeli itume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Piga skrinishoti kila kitu kabla hajakubloku, pamoja na sauti alizotuma. Halafu nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni. Wizi wa namna hii uko kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, usikubali kuambiwa "hayo ni ya kwenu wawili".

Wengi mmeniuliza kama bado nitanunua kitu kizuri kwa mshahara huu. Nitanunua. Mwezi uliopita nilipata mkoba wa ngozi kwenye mitumba pale Mwanga, hauna jina la mtu maarufu, 35,000. Niliushika, nikauvuta zipu mara kumi, nikaugeuza ndani nje mbele ya muuzaji naye akanisubiri. Mpini mmoja ulikuwa umelegea, fundi akaushona kwa 3,000. Unapendeza na vitenge vyangu kuliko nilivyotegemea. Na kama ninataka ule wenye jina, nitaweka hela yangu kwenye akaunti yangu, kidogo kidogo hivyohivyo, ikae kwangu mpaka siku nitakayosimama mbele ya mkoba wenyewe. Mtoto akiugua katikati, hela ipo, na hakuna wa kuniambia mzigo umerudi stoo.

Kama wewe bado unamlipia sasa hivi, umebakiza wiki mbili au tatu, nakuomba acha leo. Najua inavyouma kuziacha hizo ulizokwisha toa. Hazirudi kwa kuongezea nyingine.

Alhamisi saa nne asubuhi sisi saba tunakwenda kituoni pamoja, kila mtu na miamala yake iliyochapishwa. Askari anayeshughulikia jalada ametuambia tukiwa wengi na maelezo yetu yanafanana, kazi yake inakuwa nyepesi. Uliyepigwa naye, hata kama ni 20,000 ya kianzio, njoo inboksi leo nikuelekeze tunapokutania. Mkoba nitakuja nao.