Nimemaliza vitabu vyote vitatu, barua bado haijasomwa

Kitabu cha kwanza nilikimaliza kwa siku mbili. Cha tatu kimenila mwezi mzima, maana kila baada ya sura mbili nilikuwa narudi nyuma kuhakikisha kama aliyesahau ni mimi au ni mwandishi. Kama hujavisoma, ishia hapa, natoboa kila kitu.

Uchawi wa dunia ya hadithi hii una bei: kila ukiutumia unakatwa mwaka mmoja wa umri wako. Na sheria hiyo inaingizwa kwa ustadi hasa. Kijana anamponya mama yake usiku, asubuhi anainama kisimani kuchota maji, anaona kidevuni ndevu ambazo jana hakuwa nazo. Nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo. Sasa njoo kwenye vita vya darajani, kitabu cha tatu. Nimehesabu kwa penseli: anatumia uchawi mara kumi na tisa kabla jua halijazama. Kwa sheria ya mwandishi mwenyewe, jioni ile tulipaswa kuwa na mtu mzima mwenye mvi zake. Wapi! Analala kijana, anaamka kijana, sura inayofuata anaoa. Hata sentensi moja ya kujitetea hakuna.

Mwezi nao una vituko vyake. Jangwani tunaonyeshwa mwezi mwandamo, mwembamba kama ukucha, upande wa machweo. Usiku wa nne msafara unavamiwa chini ya mwezi mpevu. Hapo katikati pana siku kama kumi zimepotea. Ningesema labda mwezi wa kule una mwendo wake, ila kitabu cha kwanza kimetamka wazi kuwa unakamilika kwa siku thelathini. Mto unaopanda mlima kwenye ramani nimeusamehe.

Kuteleza kunamkuta kila mwandishi. Tolkien alipoona sura ya Gollum, kiumbe mwenye pete ya uchawi, kwenye riwaya yake The Hobbit ya 1937 haiendani tena na pete hiyo kama alivyokuwa anaiandikia kwenye The Lord of the Rings, aliiandika upya, ikatoka kwenye toleo la 1951. Yale maelezo ya zamani akayageuza kuwa uongo wa Bilbo, mhusika mkuu aliyeichukua pete. Ufa ukawa sehemu ya hadithi! Hapa nyufa zimepakwa chokaa tu.

Nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za bibi mlinda lango, ambaye akifungua mdomo tu ukurasa unachangamka.

Kinachoniuma zaidi ni barua. Dada mtu anaishonea ndani ya pindo la joho, na katika kitabu cha pili kila akiogopa analipapasa pindo hilo. Kitabu cha tatu, usiku wa baridi, joho linatupwa motoni ili watoto wapate joto. Yeye mwenyewe ndiye anayelitupa. Hashtuki, hapapasi, hasemi neno. Nilidhani nakala yangu imechomoka kurasa. Nikakagua namba, 211, 212, 213, zote zipo.